Marafiki Wenye Mifuko Tofauti: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Pesa Bila Kupotezana

Tulikuwa wasichana watano, chumba kimoja hosteli, na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likichelewa tulichangia sahani moja ya wali maharage tukaimaliza kwa vijiko vitano. Baada ya kuhitimu kila mmoja akaangukia pake: mmoja benki, mmoja kwenye mradi wa afya, wawili wakawa walimu, mimi nikaingia kwenye biashara ya vitambaa Kariakoo. Miaka sita baadaye tukakutana kwenye mgahawa mmoja Mikocheni kumpongeza yule wa benki, alikuwa amepandishwa cheo. Tukaagiza samaki, mishikaki, juisi. Mmoja wa wale walimu akaagiza chipsi kavu na maji madogo, akasema ametoka kula nyumbani.

Bili ilipoletwa, mtu akaikata kwa tano: 38,000 kila kichwa. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwa yule mwalimu wa chipsi kavu. Nikaona simu imeshushwa chini ya meza, kidole gumba kinabonyeza *150*00#, anasubiri, salio linatokea, anazima kioo. Akasema "sawa", akatuma. Hatukumwona tena kwa miezi saba. Leo kichwa kinamuuma, kesho ana wageni, keshokutwa mtoto wa dada yake anaumwa. Sisi tukasema amejitenga, siku hizi anajiona.

Ukweli niliujua baadaye: ile 38,000 ilikuwa nauli yake ya daladala ya mwezi mzima. Na mimi ile simu niliiona, nikanyamaza. Ndiyo maana naandika. Sijaona urafiki uliouawa na mtu kupungukiwa hela. Nimeona mwingi uliouawa na watu waliokaa meza moja, kila mmoja akikisia mfuko wa mwenzake, hakuna anayetaja namba. Haya yanayofuata ni mambo ambayo mimi na wenzangu tumeyajaribu, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: ijue namba yako

Huwezi kumwambia mwenzio kikomo chako kama wewe mwenyewe hukijui. Chukua daftari, au fungua kurasa ya kuandikia kwenye simu, uandike kinachoingia mkononi kwa mwezi baada ya makato yote. Toa kodi ya nyumba. Kama mwenye nyumba wako ni wale wa miezi sita mbele, gawa kodi hiyo kwa sita uiweke pembeni kila mwezi, usisubiri ikuvamie. Toa chakula, nauli, umeme, ada, na ile unayotuma nyumbani. Toa akiba, hata kama ni 10,000. Kinachobaki ndicho cha kula na watu.

Mimi hicho nakiita fungu la watu, na nalikata mara mbili. Nusu ni ya mambo yanayojulikana: harusi yenye kadi, siku ya kuzaliwa, kutoka pamoja. Nusu nyingine siigusi, kwa sababu msiba na mgonjwa havipigi hodi. Mwezi usipokuwa na dharura, nusu hiyo inasubiri mwezi ujao. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari, na fungu la watu ndilo linalopotea kwanza, maana linatoka elfu tano tano.

Ukishapata namba, ilinganishe na unayoombwa. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini Tanzania kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Kwa mtu wa kima hicho, kadi moja ya mchango ya 100,000 ni sehemu ya tano ya mshahara wote kabla ya makato. Kadi mbili kwa mwezi mmoja, na bado hajala.

Hatua ya pili: usipime mfuko wa mwenzio kwa macho

Watu wawili wanapokea mshahara ule ule wa 1,000,000. Mmoja alisomeshwa na baba yake. Mwingine alisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 150,000 kila mwezi, 1,800,000 kwa mwaka. Huyo huyo ndiye kifungua mimba, ana wadogo wawili sekondari na mama anayetumia dawa za presha. Ukiwaona kazini wamevaa vizuri wote, utasema wako sawa.

Na kinyume chake kipo. Rafiki mwenye gari huenda ni la mkopo, na mwenye duka kubwa huenda mzigo wote uliomo dukani ni wa mali kauli, kauchukua kwa ahadi ya kulipa akiuza. Mimi Kariakoo watu wananiona nimezungukwa na majora ya vitambaa wanadhani nimelalia hela. Jora si hela mpaka liuzwe.

Kwa hiyo maneno kama "wewe nawe, utakosaje elfu ishirini?" yafute kabisa kinywani. Mtu akikwambia anacho kiasi fulani, lipokee kama lilivyo. Usimdai maelezo. Ukimlazimisha ajieleze, atakueleza ya mama yake na madeni yake, na kesho hatataka kukutazama usoni.

Hatua ya tatu: taja namba, na uitaje mapema

Kama ni mtoko wa Jumamosi, sema Jumatano. Mkishafika mezani umechelewa, maana pale kuna macho na kuna mhudumu amesimama. Sema kwa aliyepanga, faraghani, kwa simu au meseji.

Na usiseme "sina". Neno hilo lina matatizo mawili. Kwanza linawafanya wenzio waanze kukupima, kwamba huna kweli au hutaki. Pili, kesho kutwa ukionekana na kitenge kipya, "sina" yako inageuka uongo hata kama kitenge umepewa. Namba haina matatizo hayo. Mimi husema hivi: "Shoga, mwezi huu nimejipangia elfu 15 ya kutoka. Mkipata sehemu inayoingia hapo nipo. Ikizidi, nendeni tu, tutaonana wiki ijayo nyumbani." Hapo sijalia shida, sijamzuia mtu raha yake, na nimeacha mlango wazi.

Zamani "sina hapa" lilikuwa jibu la kweli. Hela ilikuwa nyumbani kwenye kibubu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kila mtu anatembea na kibubu chake mkononi, na kila anayekuomba anajua hivyo. Ndiyo maana siku hizi tunahitaji maneno mazuri zaidi ya kukataa kuliko waliyohitaji mama zetu.

Kwa anayepanga mtoko, bei iwe ndani ya mwaliko wenyewe: "Jumamosi saa kumi jioni, sahani ni kati ya 8,000 na 15,000, kila mtu na bili yake." Sentensi hiyo moja inamwokoa yule ambaye asingethubutu kuuliza. Namjua dada mmoja aliyekuwa akipita mgahawani siku moja kabla, peke yake, kusoma bei ukutani ili ajue kama aende au augue.

Hatua ya nne: mezani

Kiswahili chetu kina tofauti ambayo tumeanza kuisahau. "Tukutane" maana yake kila mtu na mfuko wake. "Nawaalika", au "hii ofa yangu", maana yake nalipa mimi. Ugomvi mwingi wa bili unazaliwa hapa, mtu anaandika "njooni tule" akiwa na maana ya kwanza, wenzake wanasikia ya pili. Chagua neno moja, ulisimamie.

Kama kila mtu anajilipia, mwambieni mhudumu kabla hajaandika oda ya kwanza afungue bili tofauti. Mwisho wa usiku ukimwambia atenganishe, atakosea, na mwenye haya ndiye atakayebeba makosa hayo. Lipa namba imerahisisha mambo, kila mtu anatuma kiasi chake pale pale. Kama mnakula sinia moja la mbuzi, kubalianeni kiasi cha kila mtu kabla mbuzi hajaingia jikoni, na vinywaji vikae nje ya hesabu hiyo. Mnywa soda asiingizwe kwenye raundi ya bia, hata kama yeye mwenyewe anasema "haina shida". Anasema hivyo kwa adabu.

Halafu badilisheni mahali. Mihogo ya Coco Beach na pilipili yake inaliwa na wote. Kupikiana nyumbani ni bora zaidi, huyu analeta mchele, yule nazi, yule anakuja na mikono yake kukuna. Kundi letu sasa linakutana mgahawani mara moja kwa miezi mitatu, miezi mingine tunazunguka majumbani. Tunaongea zaidi kuliko zamani, hakuna muziki wa kupiga kelele juu yake.

Hatua ya tano: michango

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, nami nitakaa kidogo.

Mwezi wa Ramadhani na Kwaresma harusi hupungua. Zikiisha, kadi zinamwagika. Siku hizi kadi ya mchango inakuja kama picha kwenye WhatsApp, ina jina lako limeandikwa kwa mkono kwenye ile mistari ya nukta, na kabla hujajibu umeshaingizwa kwenye kundi la kamati. Harusi moja ina vichwa vingi: kicheni pati, sendofu, harusi yenyewe, na sare kwa kila kimoja. Mtu anayesema harusi ya rafiki imemgharimu 100,000 hajahesabu kitambaa, fundi, nywele na usafiri wa usiku.

Mwanzoni mwa mwaka, panga watu wako katika madaraja matatu. La kwanza ni wale ambao ukisikia wamefiwa utaondoka ulivyo, bila kubadili nguo. La pili ni wa kazini, mtaani na kanisani au msikitini, mnaoonana kila wiki. La tatu ni waliokupata kwenye orodha ya simu. Kila daraja lipe kiasi chake, na kiasi hicho kiwe kimoja kwa wote waliomo humo. Mimi la tatu huwa natuma pongezi na dua, basi, na sijawahi kugombana na mtu kwa hilo.

Kadi ikifika, jibu ndani ya wiki moja. Taja kiasi unachoweza kutoa kweli, si kile ambacho kadi imekiashiria kwa singo (mtu mmoja) au dabo (wawili). Ahadi hewa ni mbaya kuliko kukataa. Kamati inakodi ukumbi na mpishi kwa kuangalia ahadi, na siku ya mwisho bwana harusi ndiye anayehangaika kukopa ili kuziba pengo lako. Kama unaweza kulipa kidogo kidogo, sema hivyo na utaje tarehe. Kama huwezi, mpigie mwenye shughuli mwenyewe, si mwenyekiti wa kamati: "Ndugu yangu, mchango wa hela mwaka huu umenishinda. Nipe kazi. Nitasimama mlangoni kupokea wageni, au nitasimamia vinywaji." Rafiki wa kweli hawezi kukataa mikono, na mara nyingi mikono ndiyo inayokosekana.

Kuhusu sare, uliza rangi kabla hujauliza bei. Sare ya kamati mara nyingi inazidi mchango wenyewe, na hapa nasema kama muuza vitambaa: rangi inayokaribiana, iliyoshonwa vizuri, kwenye picha hakuna anayeitofautisha. Anayeandaa aseme wazi tangu mwanzo kwamba asiyeweza sare avae rangi fulani, na aseme kundini ili isionekane ni huruma kwa mtu mmoja.

Sasa neno kwa wanakamati. Acheni kubandika majina na namba. Mnajua ile orodha: jina, 100,000, alama ya tiki, jina, 50,000, tiki, halafu jina na kistari kitupu mbele yake, kila siku asubuhi, watu mia moja na ishirini wanaona. Mnadhani mnahamasisha. Yule mwenye kistari anafungua simu yake alfajiri akiwa na hofu. Bandikeni jumla: "Tumefikia 6,400,000 kati ya 9,000,000, tunawashukuru wote." Anayedaiwa ahadi, mfuateni faraghani. Tulijaribu hivyo kwenye harusi ya mmoja wetu, na hakuna mtu aliyetoka kundini kimya kimya.

Msiba hauna kadi, na iendelee kuwa hivyo. Unaenda na ulichonacho, kilo mbili za sukari au rambirambi iliyokunjwa mkononi, unakaa mkekani na wenzako. Mfiwa anakumbuka aliyekaa.

Hatua ya sita: kukopa na kukopeshana

Rafiki akiomba mkopo, usijibu papo hapo. Sema "nipe mpaka jioni niangalie." Kisha jiulize swali moja: hela hii isiporudi, nitaweza kumsalimia kwa moyo mweupe? Kama jibu ni hapana, usikopeshe kiasi hicho. Toa kidogo, kisicho deni: "200,000 sina uwezo nayo, ila nina 30,000. Chukua, sikudai." Mara nyingi hiyo 30,000 inamsaidia kweli, na nyote wawili mnalala.

Usimkopeshe mtu hela ambayo si yako: ya mchezo (ile mnayochangishana na kupokea kwa zamu), ya ada, mtaji wa dukani. Usikope ili ukopeshe. Na usichukue mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, kwa jina lako kwa ajili ya rafiki, hata akulilie. Wale wanashika kadi yako ya benki na namba ya siri, na riba inapanda wakati rafiki hapokei simu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Muulize aoneshe, na asiye nayo mkimbie.

Ukiamua kukopesha, kuna mambo ya kukubaliana kabla hela haijatoka. Kiasi. Tarehe, na tarehe hiyo ifungwe kwenye chanzo kinachojulikana. "Mshahara wa tarehe 25" ni ahadi, "nikipata" si ahadi. Kama italipwa kwa mafungu, kila fungu ni kiasi gani. Na ya kutolea, yaani makato ya kutoa hela kwa wakala, ni ya nani, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Dogo hilo, lakini nimeona watu wawili wakinuniana wiki tatu kwa sababu ya ya kutolea.

Halafu andikeni. Wengi wetu tunaona aibu, kana kwamba kuandika ni kutoaminiana. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni, tena inaagiza lisidharauliwe liwe dogo au kubwa. Kama jambo limepewa nafasi hiyo, sisi ni nani tuone haya? Tena aandike mkopaji. Hii ndiyo siri niliyojifunza kwa kuchelewa: mkopeshaji akiandika, inasomeka kama hati ya mashtaka, mkopaji akiandika mwenyewe, anakuwa mtu mzima anayesimamia neno lake. Meseji inatosha: "Dada, nimepokea 150,000 leo tarehe 3. Nitarudisha 75,000 tarehe 28 mwezi huu na 75,000 tarehe 28 mwezi ujao. Ahsante sana."

Kwa mkopaji: ukiona tarehe inakaribia na huna, sema siku mbili kabla, si siku mbili baada. Tuma hata robo yake. Hela kidogo iliyotumwa kwa wakati inazungumza kuliko maelezo marefu. Usizime simu, usibadilishe njia ya kupita. Na mpaka deni liishe, status yako isionyeshe kiatu kipya. Huenda umepewa, lakini anayekudai hana namna ya kujua.

Kwa mkopeshaji: kukopa harusi, kulipa matanga, hilo lipo tangu zamani, kwa hiyo usishangae ukilazimika kukumbusha. Kumbusha faraghani, kwa sentensi fupi yenye tarehe: "Habari za kazi? Nakukumbusha ile ya tarehe 28, nina mzigo wa kulipia tarehe 2." Usizungushe salamu ndefu kisha ukaishia na lawama. Usimpigie mumewe au mama yake. Usiandike mafumbo kwenye status, maana kila anayekudai na unayemdai atadhani anasemwa yeye.

Ikishindikana kabisa, una njia mbili za heshima. Punguza mafungu yawe madogo mpaka yalipike, hata 5,000 kwa wiki. Au samehe. Aya ya 280 ya sura ile ile inataka mdaiwa aliyebanwa apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini ukisamehe, samehe kwa mdomo, mara moja, asikie: "Ile hela tumeimaliza, usiifikirie tena." Kisha usiitaje hata kwa utani. Deni lililosamehewa nusu nusu linauma kuliko linalodaiwa.

Hatua ya saba: mchezo na vikoba

Kiasi cha mchezo kipangwe kwa kumtazama mwenye kipato cha chini kuliko wote, si wa katikati. Akishindwa mmoja, kijumbe, yule anayekusanya hela, anazima moto peke yake na kundi linavunjika. Wenye uwezo zaidi wacheze majina mawili. Mwenye dharura apewe zamu ya mwanzo, na hilo liamuliwe siku ya kwanza. Mkikua mkawa kikundi cha kukopeshana chenye akiba na riba, jisajilini. Sheria ile ile ya 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya fedha, na kikundi kilichosajiliwa kina pa kwenda mambo yakiharibika.

Hatua ya nane: wewe mwenye nacho

Aliyejaliwa ana kazi yake, na ni nyeti. Saidia kabla ya kuombwa, na ulibebe jambo liwe lako: "Nina hamu ya kukuona, nauli nimeshaituma." Mtu akitumiwa nauli kwa sababu wewe unamtaka, anakuja kichwa juu. Akitumiwa kwa sababu hana, anakuja akiwa mdogo. Usimlipie mbele ya watu huku ukitangaza. Mtafute mhudumu pembeni.

Usimwache nje ya mwaliko "kwa sababu najua hana." Mwalike, mpe bei, aamue mwenyewe. Nilipomuuliza rafiki yangu mwalimu ni kitu gani kilimuuma zaidi katika ile miezi saba, hakusema bili. Alisema ni siku alipoona picha zetu za Bagamoyo na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Na pokea vyake. Akikununulia karanga za 500 kituoni, kula. Akikuletea mafungu ya mchicha alioupanda, beba. "Acha tu shoga, wewe mwenyewe huna" ni neno linalokaa kwenye kifua cha mtu miaka. Udugu ni kufaana, si kufanana, na kufaana kunakwenda pande zote mbili.

Wewe pia unaruhusiwa kusema hapana. Walio ughaibuni wanalijua hili vizuri. Rafiki yuko Muscat au Toronto, huku watu wanazidisha mshahara wake kwa shilingi na hakuna anayezidisha kodi yake ya nyumba. Hata yeye ana fungu la watu, na lina mwisho. Ataje namba yake kama wengine.

Hatua ya tisa: palipokwisha kuharibika

Nenda mwenyewe. Meseji haitoshi, na kundi la WhatsApp ndilo pabaya kuliko pote.

Mimi nilipanda daladala mpaka Mbagala Jumapili moja mchana, bila kutoa taarifa, na sukari na majani ya chai mkononi. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa mkekani, nikavuta upande wangu wa ungo nikaanza kutoa mawe. Tulichambua kama robo saa bila kusema kitu cha maana. Kisha nikamwambia: "Siku ile Mikocheni niliiona simu yako chini ya meza. Nilipaswa kusema tugawane kwa kila mtu alichokula. Sikusema. Nisamehe." Sikumwambia angesema yeye. Sikumpa hela, ingawa nilikuwa nayo kwenye mkoba, kwa sababu siku hiyo ingeonekana nimekuja kulipa.

Ukienda kusuluhisha, taja kosa lako kwa tukio lake, si kwa maneno ya jumla kama "kama nimekukosea". Usianze na utetezi. Mpe mwenzio nafasi ya kunung'unika mpaka amalize. Na msiondoke bila kupanga jambo moja dogo la kufanya pamoja, lenye bei inayojulikana.

Sisi tulipanga kupikiana kwake Jumamosi iliyofuata. Nilipofika nyumbani nikaandika kundini: "Jumamosi Mbagala, pilau, 7,000 kila mtu, asiye nayo aje na vitunguu." Aliyejibu wa kwanza alikuwa yeye. Aliandika: "Vitunguu ninavyo. Leteni hela ya nyama."